Wiki Hii Umekwama Wapi?

Mtu mzima akija kujiandikisha kwenye darasa letu la gumbaru hapa Kisumu, simuulizi aliachia darasa la ngapi. Swali hilo huwainamisha watu vichwa. Ninamuuliza: wiki hii umekwama wapi?

Mama mmoja anayeuza omena soko la Kibuye alikuwa amekwama kwenye ujumbe wa M-Pesa. Mteja anamwonyesha simu, "Nimetuma, mama," naye anaamini, kisha jioni hesabu inakataa. Tuliweka kitabu kando tukasoma jumbe zilizo katika simu yake mwenyewe: jina la aliyetuma, kiasi, salio. Akajua kuwa ujumbe wa kutegemea ni ule ulioingia kwake, si ule anaoonyeshwa, na kwamba salio lake lazima liwe limepanda. Baada ya hapo alidai mwenyewe tumfundishe kuandika daftari la madeni.

Wengi humsifu mzee Kimani Maruge, aliyeingia darasa la kwanza katika shule ya msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret, mwaka 2004 akiwa na miaka 84. Nami namheshimu sana. Lakini tukumbuke alikuwa na haja yake: alitaka kujisomea Biblia. Haja ndiyo iliyomweka darasani, na haja ya kila mtu haipiti lazima kwenye dawati la wajukuu.

Halafu, tafadhali, pima macho kabla hujanunua daftari. Ukishapita miaka arobaini, maandishi ya karibu huanza kufifia. Nimewaona watu waliojiita wazito wa kichwa, kumbe walichokosa ni miwani ya kusomea. Inaniuma kila mara.

Kuhusu muda, ahidi jioni mbili utakazotimiza, si tano utakazokosa shamba likikuita.

Kwa mafundi nina neno zaidi, kwa sababu naamini elimu ya watu wazima inaelekea kwenye karakana zao. Ikiwa umechomelea vyuma au kushona nguo miaka mingi bila cheti, mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, upo. Unaanza gredi ya tatu, unapanda hadi ya kwanza, na NITA ina kituo chake hapa Kisumu. Upo pia mpango wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, chini ya mamlaka ya kitaifa ya sifa za masomo na ujuzi, KNQA. Kwa hiyo anza leo kupiga picha za kazi zako, na mteja aliyeridhika umwombe barua. Huo ndio ushahidi utakaoulizwa.

Darasa lilipo utaelekezwa na ofisi ya elimu ya watu wazima ya kaunti ndogo yako, au na chifu. Kama mtaani kwenu halipo, andikeni majina ya wanaotaka kusoma na saa wanazopatikana, mwende pamoja ofisini kuomba mwalimu. Orodha ya majirani walio tayari ina uzito kuliko ombi la mtu mmoja.