Mmeitazama Neighbours, sasa mnataka kupigana

Yaleyale tena. Vijana wapya wametazama Neighbours ya Norman McLaren, ile ya 1952 yenye dakika nane tu, ambamo waigizaji halisi wanapigwa picha mojamoja kama vikaragosi, na kesho yake wanararuana mashati fremu kwa fremu. Wadogo zangu, subirini.

1. Tazameni kinachotangulia kofi la kwanza. Majirani wawili wamekaa wanasoma magazeti. Ua linachipua mpakani, wanalinusa, wanalewa furaha hadi wanaelea. Kisha ua likazaa ua wa mbao, na ua ukazaa kuua. Kiswahili kimeshawaandikia muswada. Nyinyi mnaanzia ukurasa wa mwisho.

2. Zimeni otomatiki ya kamera. Hapa naungama. Filamu yangu ya kwanza ilikuwa ya ndugu wawili wanaogombania kiti. Sikugusa mpangilio wowote. Kila mwenye shati jeupe aliposogea, kamera ikajiamulia kupunguza mwanga. Jua nalo likitembea dirishani. Siku mbili, fremu zaidi ya 1,400. Tulipozicheza, picha ikapepesa kama taa inayokata roho. Badala ya kukiri, nikawaambia wenzangu, bila haya, kwamba ule ni usanii: hasira ya wahusika. Mhariri alinitazama, akaenda zake kunywa chai. Tukarudia nusu ya mapigano wiki iliyofuata, na mwigizaji wangu alikuwa ameshanyoa ndevu. Basi katika filamu hiyo mtu anapigwa kofi akiwa na ndevu, anaanguka kidevu kitupu. Watazamaji waliponiuliza, nikasema ni ishara. Mungu anisamehe.

3. Alama ya teipu sakafuni chini ya viatu, kila fremu, ili mwigizaji arudi palepale. Anayeelea anaruka, nawe unapiga picha akiwa juu kabisa. Mpeni maji, hiyo ni mara ya mia.

4. Msigombane kuhusu kundi la shindano. Neighbours ilipata Oscar ya filamu fupi ya makala! Makala, jamani, yenye watu wanaoteleza hewani.

5. Msifute picha ghafi. Kipande cha wake na watoto kushambuliwa kiliwahi kukatwa kwenye filamu ile, kikarudishwa wakati wa vita vya Vietnam. Kingekuwa kimetupwa, kingerudishwa kutoka wapi? Sasa, aliyefuta kadi jana bila kuuliza namjua. Aje kesho mapema, na teipu aje nayo.