Kabla ya Kugawanya Namba Kubwa: Ushauri kwa Wanaoanza Hisabati ya Kidato cha Tano

Ninyi mnaojiunga na masomo ya jioni hapa Ngamiani, Tanga, mtakutana mapema na namba 4,294,967,297, yaani 2³² + 1, na mtaulizwa kama ni namba tasa. Wengi huanza kugawanya kwa 3, kwa 7, kwa 11, wakaendelea hivyo hadi simu iishiwe chaji. Bidii hiyo siidharau, ila chini ya kipeuo cha pili cha namba hiyo, ambacho kinazidi 65,536 kwa sehemu ndogo mno, kuna namba tasa 6,542.

Ulizeni kwanza: kama kigawo kipo, lazima kiwe cha namna gani? Leonhard Euler alithibitisha kwamba kigawo tasa chochote cha namba hii kikigawanywa kwa 64 hubakiza 1. Kwa sharti hilo tunajaribu 193, 257, 449, 577, kisha 641, na hapo hesabu inakubali: 641 × 6,700,417. Euler alilipata jibu hilo mwaka 1732, likabatilisha dhana ya Pierre de Fermat, ambaye kwa kuona kwamba 3, 5, 17, 257 na 65,537 ni tasa aliamini kuwa mfululizo wote wa 2¹ + 1, 2² + 1, 2⁴ + 1, 2⁸ + 1, 2¹⁶ + 1, 2³² + 1 na kuendelea, kipeo kikiongezeka maradufu kila mara, ungekuwa hivyo.

Uthibitisho wa 641 hauhitaji kikokotoo, nami naupenda kuliko kugawanya kwenyewe. Kwa kuwa 5 × 2⁷ ni 640, ikigawanywa kwa 641 ni sawa na kubakiza −1. Tukiipa kipeo cha nne, 5⁴ × 2²⁸ inabakiza 1. Lakini 5⁴ ni 625, yaani 641 − 16, kwa hiyo mahali pake tunaweza kuweka −2⁴. Basi −2³² inabakiza 1, na 2³² + 1 haibakizi kitu.

Njia nyingine haianzi na kigawo chochote. Namba tasa haiwezi kuwa jumla ya vipeo vya pili viwili kwa namna mbili tofauti, ilhali namba yetu ni 65,536² + 1², tena ni 62,264² + 20,449². Chukueni tofauti mbili, 65,536 − 62,264 na 20,449 − 1, mtafute KKS (kigawo kikubwa cha shirika) yake, ambayo ni 8, kisha mzigawanye zote mbili kwa 8 hiyo. Mtapata 409 na 2,556, na jumla ya vipeo vyake vya pili ni 6,700,417.