Bibi mwenye nyumba amenialika Tet: niende lini, na nguruwe je?

SWALI: Shikamoo shangazi. Ninafundisha Kiingereza Hanoi, Vietnam, na huu ni mwaka wangu wa pili. Tet iliyopita, yaani mwaka mpya wao, ilinikuta sijajiandaa. Maduka yalifungwa, wenzangu wakaenda kwao, nikashinda chumbani siku nne nikila tambi za pakiti. Safari hii bibi mwenye nyumba kaniambia nikale kwake. Nimefurahi, ila naogopa kuharibu. Mimi Mwislamu, sili nguruwe wala sinywi pombe. Halafu kila ninayekutana naye huniuliza umri hata kabla ya jina. Kwa nini?
Mwalimu, Hanoi

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza kabisa muulize bibi: siku gani, saa ngapi? Nakukazania hapo kwa sababu ndipo nilipoponzwa. Mwaka wangu wa kwanza Hanoi niliamka asubuhi ya Tet, nikavaa nikapendeza, nikabisha hodi kwa jirani na sahani ya machungwa. Mama wa watu akafungua mlango nusu, akaganda, akamwita mumewe. Nilikaribishwa, chai nikapewa, lakini sura zao zilinikosesha raha mpaka nikaondoka. Baadaye mwanafunzi wangu mmoja ndiye aliyenifumbua macho. Mtu wa kwanza kuvuka kizingiti baada ya saa sita usiku ndiye anayeiletea nyumba heri au balaa ya mwaka mzima. Wanaita xông đất, na familia nyingi humteua mtu huyo mapema, wakitazama hadi mwaka aliozaliwa. Aliyefiwa karibuni hathubutu kutangulia. Mimi nilijiteua mwenyewe, na machungwa yangu mkononi!

Bibi akikuambia "siku ya pili", usiweke alama kwenye tarehe 2 ya kalenda yako ya ukutani. Anahesabu kwa mwezi mwandamo, jambo ambalo wewe Mwislamu hulihitaji kufundishwa. Mwaka 2026 Tet iliangukia tarehe 17 Februari, kwa hiyo siku ya pili ikawa tarehe 18. Akikuachia uchague, epuka ya kwanza. Wana msemo kwamba siku ya kwanza ni ya baba, ya pili ya mama, ya tatu ya mwalimu. Basi siku ya tatu weka peremende mezani, wanafunzi wako wanaweza kukubishia hodi.

Suala la nguruwe limalize sasa, si mezani. Chakula chenyewe cha Tet ni bánh chưng: mchele wa kunata, choroko na nyama ya nguruwe katikati, vyote vimefungwa kwa majani kikawa kitu cha mraba, kikachemshwa usiku kucha. Kikishafungwa hakuna la kufanya. Lipo pia lisilo na nyama, la wale wasiokula nyama kwa imani ya Kibudha, na bibi akijua mapema anaweza kukufungia. Afadhali zaidi, muombe ukae naye siku ya kufunga majani. Kwangu mimi hiyo ndiyo sikukuu yenyewe, maana kwenye sufuria ndiko zinakosimuliwa habari za ukoo mzima. Pombe isikusumbue. Wakinyanyua glasi, nyanyua yako ya chai, cheka nao.

Zawadi? Msikiti wa Al-Noor bila shaka unaujua, ule wa mtaa wa Hàng Lược. Siku za kuelekea Tet mtaa huohuo hugeuka soko la maua. Ukitoka Ijumaa nunua tawi la mpichi, lenye matumba mengi kuliko maua yaliyokwisha kufunguka, umpelekee bibi kabla ya sikukuu.

Ama umri, jibu tu bila kinyongo. Kivietnam hubadilisha "mimi" na "wewe" kulingana na nani mkubwa, kwa hiyo asiyejua umri wako hajui hata akuiteje. Wewe uliyeanza barua kwa shikamoo unashangaa nini? Bibi mwite bà, wewe mwenyewe jiite cháu, mjukuu. Kabla hujagusa chakula sema "cháu mời bà ăn cơm", mjukuu anamkaribisha bibi ale. Ndiyo, unamkaribisha chakula alichokipika yeye, nyumbani kwake. Mimi ilinichukua miezi kuizoea.

Andaa bahasha nyekundu zenye noti mpya. Kwa watoto dong 50,000 inatosha. Ya bibi iwe nene kidogo. Naye huenda akakupa yako. Pokea kwa mikono miwili, tia mfukoni, usifungue mbele yake.

Na tambi za pakiti nunua hivyohivyo, za siku ya kwanza.