Pikapu kukosa nguvu mlimani

Kaka, moshi mweusi na pikapu yako kuchoka ukipanda mlima wa Kitonga ni dalili ya hewa kutotosha, lakini hiyo filta ya wazi (isiyo na boksi) unayotaka kununua iache kwanza. Itavuta hewa ya moto ya chini ya boneti, na hewa ya moto ni nyepesi, kwa hiyo injini itapata hewa pungufu zaidi. Fungua boksi la ea klina (linalokaa filta ya hewa), kisha pitisha kidole ndani ya bomba linaloelekea kwenye injini. Ukikuta vumbi, tafadhali usiendelee kuiendesha hivyo: injini inakula mchanga. Kagua hozi kama imepasuka, kaza klipu, weka filta mpya. Halafu Mbeya tupo mita 1,700 hivi; hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa zaidi) hupoteza karibu asilimia 15 ya nguvu hapa hata ikiwa nzima.