Dua kwanza, kisha hoja

Mmeuliza wiki hii kama Waathens, watu wa mji wa Athens katika Ugiriki ya kale, walipoanzisha demokrasia waliiweka dini kando ya siasa. Jibu langu ni hapana. Wanaowasifu kwa kuvitenganisha viwili hivyo wanawavisha joho la zama zetu.

Wananchi walipokusanyika kwenye kilima cha Pnyx, mahali pa mkutano wao mkuu, nguruwe wachanga walichinjwa kwanza kupatakasa mahali pa kikao. Mpiga mbiu akaomba dua, akamlaani yeyote atakayewahadaa watu kwa maneno yake. Baada ya hapo ndipo aliuliza ni nani anataka kusema. Hata makabila kumi aliyoyaunda mwanamageuzi Cleisthenes mnamo 508 KK yalipewa majina ya mashujaa waliochaguliwa na kuhani wa kike wa Delphi, palipokuwa na hekalu la utabiri la mungu Apollo, kutoka orodha ya majina 100.

Lakini tazameni neno la mwisho lilikuwa la nani. Jeshi la Xerxes, mfalme wa Uajemi, lilipokuwa njiani kuwavamia, Waathens walituma watu Delphi kuuliza utabiri, wakaambiwa kuwa ukuta wa mbao pekee ndio utakaosalimika. Baadhi ya wazee walisema ni uzio wa zamani wa Acropolis, ngome ya mji iliyo kilimani. Wafasiri wa utabiri walikubali kwamba ni merikebu, ila wakaonya kuwa kisiwa cha Salamis, kilichotajwa katika utabiri huo, ni mahali pa kushindwa, bora watu waihame nchi. Themistocles, kiongozi wa siasa, akawapinga: kama mungu alikusudia maangamizi yao, kwa nini alikiita kisiwa hicho kitakatifu? Wananchi wakamfuata yeye, na mwaka 480 KK wakashinda hukohuko Salamis. Hakuna aliyemdharau Apollo pale. Walimwamini kwa dhati, na maana ya kauli yake wakaijadili wao wenyewe, hadharani, hata dhidi ya wajuzi wa mambo hayo. Kwangu mimi hicho ndicho kiini cha jambo zima.

Ukuhani nao waliugusa. Ule wa Athena Polias, yaani mungu wa kike Athena kama mlinzi wa mji, ulibaki mikononi mwa ukoo mmoja wa kale, lakini kwa Athena Nike, yaani Athena wa ushindi, wananchi waliamua kuhani atoke miongoni mwa wanawake wote wa Athens, alipwe drakma 50 kwa mwaka pamoja na miguu na ngozi za wanyama wa dhabihu.

Mamlaka hayohayo ya wananchi yalimuua mwanafalsafa Socrates mwaka 399 KK. Hakuhukumiwa na kuhani mkuu yeyote. Walimhukumu wananchi wa kawaida, mahakimu walioapa kwa miungu, na shtaka la kwanza lilikuwa kwamba haitambui miungu ya mji.