Mpaka wa Kiwanja Hauoneshwi na Simu: Jibu kwa Msomaji Anayetaka Kujenga Ukuta

SWALI: Ndugu mpima ardhi, ninaishi Mbezi, Dar es Salaam, katika kiwanja kilichopimwa na chenye hati. Jirani yangu amejenga nyumba ya ghorofa, na madirisha yake ya juu yanatazama moja kwa moja uani kwangu, mahali tunapopikia na kupumzika. Nimemsihi aweke mapazia, akanijibu kwamba kila mtu ana kwake. Maji yake ya kufulia nayo huyaelekeza kwangu. Sasa nimeamua kujenga ukuta mrefu. Kijana mmoja alikuja na programu ya simu, akatuonesha kwamba mpaka wangu unaingia kwa jirani karibu mita moja, na fundi ameshauri tuchimbe msingi hapo hapo kabla jirani hajarudi safari. Je, ukuta niuweke wapi hasa, na uwe na urefu gani?

JIBU: Dada yangu, msingi huo usichimbwe. Malalamiko yako juu ya jirani yana haki yote, lakini siku utakapochimba ndani ya eneo lake kwa kuongozwa na simu, mlalamikaji atakuwa yeye na mlalamikiwa utakuwa wewe. Karibu kila ugomvi wa ukuta unaoletwa mezani kwetu siku hizi una simu ndani yake, na kila mara mwenye kiwanja huapa kwamba mpaka "umepimwa kwa setilaiti", kana kwamba neno hilo peke yake linatosha kuhamisha ardhi ya mtu.

Simu ya kawaida, ikiwa mahali penye uwazi kabisa, hukosea kwa kiasi cha mita 5 hivi, na ikiwa kati ya kuta, mabati na miti hukosea zaidi. Chombo chenye kosa la mita tano hakina uwezo wa kuamua ubishi wa mita moja, hata akishika simu hiyo mtu mwaminifu kuliko wote. Lipo pia kosa la pili, kubwa zaidi, ambalo vijana hawa hawalijui kabisa. Ramani nyingi za zamani za upimaji nchini zilichorwa kwa mfumo wa koordineti (namba zinazotaja mahali palipo) uitwao Arc 1960, wakati simu hutumia mfumo wa WGS84. Ukichukua namba zilizoandikwa katika ramani ya mfumo ule wa zamani na kuziingiza kwenye simu bila kuzibadilisha kitaalamu, utaoneshwa mahali palipo takriban mita 300 kutoka kiwanja chako. Anayeona kosa kubwa namna hiyo kwa kawaida hasimami kujiuliza sababu. Husogeza mchoro wa kiwanja kwa kidole juu ya picha ya setilaiti mpaka paa la nyumba likae vizuri ndani ya mistari, kisha anatangaza kwamba mpaka umepatikana. Ile mita moja uliyooneshwa huenda imetoka katika kidole hicho.

Mpaka wako umo katika ramani ya upimaji iliyoidhinishwa na Mkurugenzi wa Upimaji na Ramani, ambayo namba yake utaikuta kwenye hati yako, na juu ya ardhi unashikiliwa na mawe ya mpaka ambayo wengi huyaita bikoni. Usiichanganye ramani hiyo na mchoro wa mipango miji, ambao ni kusudio la mpangaji na haukuchorwa ili kuonesha sentimita za mpaka. Madalali hupenda kuuonesha mchoro huo kwa sababu una rangi na muhuri.

Kazi unayoihitaji inaitwa kufufua mipaka, yaani kuitafuta upya juu ya ardhi kwa kufuata ramani hiyo ya upimaji. Mpima ardhi mwenye sifa haanzi na jiwe lenye ubishi. Huanza na mawe ya viwanja vya jirani ambayo hayajaguswa, huyapima baina yao, na iwapo umbali na pembe vinalingana na ramani, ndipo hutoka hapo kulitafuta la kwako. Mara nyingi tukichimba kwa jembe tunalikuta lipo, limefunikwa na kifusi kilichomwagwa wakati wa ujenzi: donge la zege lenye kipande cha nondo katikati. Ncha ya mpaka ni hiyo nondo. Ukingo wa zege hauhesabiwi, ingawa mafundi wengi hufunga kamba kwenye ukingo unaowapendeza. Ukilikuta jiwe limeng'olewa, usilirudishe mwenyewe kwa kukisia, kwa maana kung'oa au kuhamisha jiwe la mpaka ni kosa la jinai, na hutapenda kuonekana umesimama juu ya shimo lake na sururu mkononi.

Mpaka ukishajulikana, ukuta wako wote, pamoja na msingi wake, ukae upande wako, isipokuwa kama wewe na jirani mmekubaliana kwa maandishi kuwa na ukuta wa pamoja. Nasema pamoja na msingi kwa sababu ukuta wa matofali ya inchi sita una unene wa sentimita 15, wakati zege la msingi wake linaweza kuwa na upana wa sentimita 60. Ukiweka tofali katikati ya zege na uso wake wa nje ukaugusa mstari, chini ya udongo utakuwa umeingia kwa jirani zaidi ya sentimita 20, na katika ukuta wa mita 25 hiyo ni zaidi ya mita tano za mraba ambazo si zako. Omba pia kibali cha ujenzi wa uzio katika halmashauri kabla ya kuanza.

Kuhusu urefu, nakuomba ufanye hesabu kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa saruji. Tuseme sakafu ya juu ya jirani iko mita 3 kutoka ardhini, na nyumba yake iko mita 3 kutoka kwenye ukuta unaotaka kuujenga. Macho ya mtu aliyesimama dirishani yatakuwa kama mita 4.5 juu. Ukiketi mita 6 ndani ya ua wako, kichwa kikiwa mita 1.2 juu ya ardhi, ukuta utakaokuficha lazima ufike mita 3.4. Ukuta wa matofali ya inchi sita wenye kimo hicho, usiokuwa na nguzo za zege wala msingi wa kutosha, ni hatari kwa watu wa pande zote mbili, hasa mvua za masika zinapolainisha udongo. Lakini ukiweka kizuizi mita moja tu mbele ya mahali unapoketi, kimo cha mita 1.6 kinatosha kukukinga na macho yale yale. Kiambaza cha makuti au mianzi kando ya jiko lako la nje, au kipaa chepesi juu ya kibaraza, kitakupa faragha ambayo mamilioni ya shilingi yaliyofukiwa mpakani hayatakupa. Miashoki iliyopandwa kwa safu nayo husaidia, kwa mwenye subira.

Suala la maji machafu lipeleke kwa bwana afya wa kata na ofisi ya serikali ya mtaa, kwa sababu halihitaji upimaji wowote. Ikiwa unashuku kwamba ghorofa ile imejengwa karibu mno na mpaka, halmashauri inaweza kukagua kibali chake, ingawa hata hapo swali la kwanza litakuwa mpaka uko wapi. Jirani akikataa matokeo ya ufufuaji, shauri huanzia Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu. Usuluhishi ukishindikana, au zikipita siku 30 bila suluhu, unaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Usikae kimya miaka na miaka kwa kudhani kwamba hati inakulinda milele, kwani madai ya kurudishiwa ardhi yana ukomo wa miaka 12.

Ninaposoma barua kama yako, hasira yangu haiendi kwa jirani. Inaenda kwa vishoka wanaozunguka mitaani wakiuza uhakika wasiokuwa nao. Mmoja atakuja na simu. Mwingine atakuja na chombo halisi cha upimaji alichokiazima, ambacho kikitumiwa ipasavyo hupunguza kosa hadi sentimita chache, lakini yeye atakiwasha bila kukiunganisha na alama yoyote ya upimaji inayojulikana na kukusomea namba zisizo na maana. Wa tatu atakwambia kwamba mwembe wa mzee aliyewauzia watu wote mtaa huo ndio mpaka, na kwamba barua ya mwenyekiti wa mtaa itamaliza kila kitu. Mwenyekiti anaweza kushuhudia mauziano na kuwaketisha majirani wakazungumza, lakini hana mamlaka ya kusogeza mstari wa ramani. Nimeona kuta nzuri zilizopigwa lipu na rangi zikibomolewa kwa amri ya baraza, na aliyeelekeza zijengwe pale hajulikani hata jina lake la pili.

Kwa hiyo, yeyote atakayejitokeza kukupimia, awe wa halmashauri au wa kampuni binafsi, muulize amesajiliwa kwa namba gani katika baraza la wapima ardhi, ataitumia ramani namba ngapi, na ataanzia kwenye mawe yapi. Mtake amjulishe jirani yako kwa maandishi siku ya kazi, na akupe taarifa iliyotiwa saini inayoonesha mawe aliyoyakuta, yaliyokosekana na umbali alioupima. Mpima ardhi halisi huyajibu maswali hayo palepale kwa sababu ndiyo kazi yake ya kila siku. Anayeanza kukueleza ubora wa simu yake usimlipe hata nauli.