Barua kwa mwanangu: kidonge cha kabla ya jukwaa

Mwanangu Mahfudh,

Salamu nyingi. Umeniuliza kama ni aibu kumeza propranolol kabla ya kupiga fidla harusini, na kama ni kujipatia sifa kwa hila. Unaogopa wenzako wakikuona na kidonge watasema umeanza unga. Hapa Lamu neno hilo linauma, kwa hiyo nakujibu kwa kirefu.

Propranolol hailevyi. Ni dawa ya moyo na presha, iliyotokana na kazi ya James Black huko Uingereza miaka ya 1960; mwaka 1988 alipewa Tuzo ya Nobel. Ukiingiwa na hofu, mwili humwaga adrenalini: moyo unakwenda mbio, mkono unatetemeka, na upinde unarukaruka juu ya waya pale pale unapotaka kuvuta sauti ndefu ya taratibu. Dawa huzuia adrenalini isishike kwenye moyo na misuli. Wasiwasi wa kichwani haiuondoi, wala haikufundishi maqamu (ngazi ya sauti za muziki) usiyoijua. Walenga shabaha wamekatazwa kuitumia mashindanoni kwa sababu mkono mtulivu ndio mchezo wenyewe. Fidla ina mengi zaidi ya mkono mtulivu, kwa hiyo mimi siiti hila.

Kinachonitia hofu ni siri. Mwaka 1987 wanamuziki wa okestra za Marekani waliulizwa. Zaidi ya robo walisema wamewahi kutumia dawa za aina hii, na wengi wao bila kuandikiwa na daktari. Mwenye kuona haya haendi kupimwa; huomba nusu kidonge kwa mwenziwe. Yule rafiki yako wa kibodi anayetembea na inhela, usimpe hata robo. Kwa mwenye pumu dawa hii hubana njia za hewa, na inhela yenyewe inaweza kushindwa kuzifungua. Mwenye kuchoma insulini naye, sukari ikimshuka, hatahisi moyo kwenda mbio wala mwili kutetemeka. Atabaki na jasho tu, na jasho ukumbini nani atalishangaa?

Basi nenda kwa daktari, umwambie wazi ni ya jukwaani. Akupime presha na mapigo ya moyo. Yakiwa chini ya 60 kwa dakika, mwambie kabla hajaandika kitu. Kwa kazi hii kwa kawaida huandikwa miligramu 10 hadi 40. Akikuruhusu, anza na kiasi kidogo kabisa, siku ya mazoezi, kamwe si usiku wa harusi. Mkipanda saa tatu usiku, kimeze saa moja na nusu. Kikizidi, utaona kizunguzungu, miguu mizito, na vidole vya baridi visivyoisikia waya. Vile vidonge vya kufanya kazi siku nzima havikufai, na usivikate.

Kahawa chungu na miraa jioni hiyo acha kabisa. Vinaharakisha moyo ule ule unaotaka kuutuliza. Na ikiwa daktari atakuandikia ya kila siku, usiiache ghafla bila kumuuliza, moyo unaweza kurudi kwa kishindo.

Wenzako wakiuliza, waambie ni dawa ya kutetemeka, uliyoandikiwa hospitali, na waonyeshe pakiti. Ukishapimwa nipigie, unitajie presha na mapigo.

Babako